Mwongozo Kamili: Siku 14 za Kuviona Upya Vitu Vidogo Tulivyovizoea

Nimeshashika madaftari manne ya watu walioshindwa zoezi la kuandika shukrani kila siku, na yote yanafanana. Siku ya kwanza: "Namshukuru Mungu kwa afya, familia na amani." Siku ya pili: "Afya, familia, amani na kazi." Siku ya tatu: "Kama jana." Kurasa zinazofuata ni hesabu za vicoba, namba za simu na mchoro wa samaki uliochorwa na mtoto.

Daftari langu la kwanza lilikuwa hivyohivyo, ila mimi nilifika siku ya tano kwa sababu ya ubishi.

Tatizo si kwamba hatuna shukrani. Tunaanzia mwisho. "Afya" ni neno tu, hulishiki wala hulipimi, na hujui nani amekuletea leo asubuhi. Dumu la maji unalishika. Dagaa unamshika. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na mikono: utachagua kitu kimoja, utakipima, utakifuata kilikotoka, utakaa siku moja bila hicho kitu, kisha ndipo utafungua mdomo kusema asante. Usiruke hatua. Anayeruka anarudi kwenye "kama jana".

## Andaa hivi kwanza

- Daftari dogo la mistari linaloingia mfukoni au kwenye pochi. Simu haifai. Utaifungua uandike mstari mmoja, na nusu saa baadaye utajikuta unaangalia harusi ya mtu usiyemjua.
- Kalamu mbili. Moja itachukuliwa na mtoto.
- Ndoo ya lita 20 na chupa tupu ya lita 1.
- Saa yenye mshale wa sekunde. Hapa simu inaruhusiwa, kwa kazi hiyo tu.
- Nauli ya safari mbili za hapahapa mjini, na sarafu za chenji.
- Mtu mmoja wa nyumbani aliyekubali kukuuliza kila jioni, "Umeandika?"
- Dakika 10 za jioni, mahali palepale. Mimi hukaa kwenye ngazi ya nyuma, karibu na jaba la maji.

Daftari lenye maua na maandishi ya dhahabu halina kazi hapa. Waliolinunua ndio waliowahi kushindwa, labda kwa kuogopa kulichafua.

## Kwa nini macho huchoka kuona

Nenda Mwaloni, soko la samaki pale Kirumba, hapa kwetu Mwanza. Ukishuka tu kwenye daladala, harufu ya dagaa inakupiga usoni. Kaa dakika chache ukiongea na mtu, kisha vuta pumzi. Harufu imekwenda wapi? Haijakwenda popote. Pua imeacha kuitangaza, kwa kuwa mwili umejengwa kutangaza kilichobadilika na kunyamazia kisichobadilika. Ukitoka ukanywe soda mbele huko halafu urudi, inakupiga tena.

Bomba lako limenyamaziwa kwa namna hiyohiyo, na jirani anayekufungulia geti pia. Mazoea yana tabu. Ila ule mfano wa pua una dawa ndani yake: toka kidogo, halafu urudi. Hatua ya 4 imejengwa juu ya hilo.

## Hatua ya 1 (siku ya 1): Chagua kitu kimoja, kimoja tu

Kitu hicho kitimize masharti matatu. Kwanza, unakigusa kila siku. Pili, kuna mkono wa mtu nyuma yake. Tatu, unaweza kukikosa kwa siku moja bila mtu kuumia.

Kwetu huku vitu vizuri vya kuanzia ni maji ya bomba, dagaa, taa ya umeme sebuleni, chai ya kibandani asubuhi, daladala ya kwenda kazini, kiti cha mbao unachokalia kila jioni. Mzunguko wangu wa kwanza niliufanya kwa maji, wa pili kwa dagaa, na mifano mingi hapa chini inatoka humo.

Onyo. Usichague dawa unayotumia, chakula cha mtoto mchanga, wala kitu cha mgonjwa. Usichague mtu pia. Mke wako si zoezi.

Umefaulu kama unaweza kukinyooshea kidole. Ukijikuta unazungusha mkono hewani na kusema "yaani, maisha kwa ujumla", chagua upya.

## Hatua ya 2 (siku ya 2 na ya 3): Pima

Hatua hii watu huidharau, na ndiyo inayobadilisha mambo. Kitu kisicho na kipimo hukioni kikiingia wala kikitoka.

Kwa maji, fanya hivi:

1. Jioni ya kuamkia siku ya 2, jaza majaba na ndoo zote, kisha funga bomba.
2. Siku nzima kila mtu achote kwa ndoo ileile ya lita 20, na kila ndoo ipigiwe mstari kwenye daftari.
3. Andika ndoo ilikwenda wapi: kuoga, kupika, vyombo, choo, nguo, kumwagilia.
4. Siku ya 3, fungua bomba uone chupa ya lita 1 inajaa kwa sekunde ngapi. Kisha piga mswaki kama kawaida yako huku ukihesabu sekunde ambazo bomba liko wazi bure.

Nyumbani kwangu tuko watano. Zilitoka ndoo saba, yaani lita 140, sawa na lita 28 kwa kila mtu. Niliposwaki kwa mtindo wangu wa zamani niliacha lita 6 zikienda zake wakati najiangalia kwenye kioo.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo ndoo saba ni kilo 140, zaidi ya gunia la mahindi. Hicho ndicho kinachotumika kwangu kwa siku moja, na kabla ya hapo ningekuambia kwamba sisi "hatutumii maji mengi".

Ukichagua daladala, pima dakika za kungoja na dakika za safari, halafu siku ya pili tembea kipande cha njia na upime tena. Ukichagua taa, andika uniti za umeme zilizobaki kwenye mita ya LUKU asubuhi na jioni. Dagaa nilimpima kwa kuhesabu: kisado kimoja kinatupikia mara ngapi, na kwenye sahani ya mtoto wanaingia dagaa wangapi. Nilihesabu 61. Mtoto alisubiri kwa adabu, kisha akaniuliza kama naumwa.

Onyo. Kipimo hiki si cha kumgombeza mtu. Nilifanya kosa hilo siku ya kwanza, nikamwambia binti yangu kwamba ndoo mbili za kuoga ni nyingi, na zoezi likageuka kesi. Pima tu, kaa kimya.

Umefaulu kama una namba mbili au tatu zilizokushangaza. Zisipokushangaza, hukupima, ulikadiria.

## Hatua ya 3 (siku ya 4 hadi ya 6): Kifuate kilikotoka

Wahenga wa mwambao walisema usione vyaelea, vimeundwa. Siku tatu hizi ni za kwenda kuona wanaounda.

Chukua ukurasa mzima. Andika kitu chako chini kabisa, kisha panda juu ukiuliza: kabla hakijanifikia kilikuwa kwa nani? Na kabla ya huyo? Endelea hadi ushindwe. Pale ulipoandika alama ya kuuliza ndipo utakapokwenda kwa miguu.

### Mfano wa maji

Bomba langu, bomba la mtaa, tenki la juu ya mlima, pampu, mtambo wa kusafisha, Ziwa Victoria. Kwa maandishi ni rahisi. Sasa simama uani uangalie. Mji wetu uko juu ya miamba, na sisi wa Igogo, Mabatini, Bugando na Isamilo tumejenga mpaka pale ambapo hata mbuzi angefikiria mara mbili. Ziwa liko chini, kwenye kimo cha mita 1,134 hivi kutoka usawa wa bahari. Maji hayapandi mlima kwa hiari. Kila kilo kati ya zile 140 ilisafishwa, ikatiwa dawa, ikasukumwa na pampu hadi kwenye tenki lililo juu yetu, kisha ndipo ikateremka yenyewe hadi kwangu. Chanzo cha Capri Point kimefanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na siku hizi kuna cha Butimba pia.

Nilikwenda kusimama karibu na Capri Point siku ya Jumamosi, nje ya uzio. Sikuona cha ajabu: majengo, mabomba, mlinzi anakunywa chai. Nikageuka nikautazama mlima wetu kwa mbali, nyumba zikiwa zimegandana na mawe, nikaitafuta paa yangu. Sikuipata. Maji yalikuwa yakiipata kila siku.

### Mfano wa dagaa

Hapa ndipo penye utamu, kwa sababu unaweza kuongea na watu wote wa kwenye mnyororo isipokuwa dagaa mwenyewe.

Fika Mwaloni mapema, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kama unakaa upande wa Ilemela, mialo ya Igombe au Kayenze, yaani fukwe za kushushia samaki, ni tulivu zaidi na watu wana muda wa kuongea. Vaa viatu vinavyooshika. Salimia kwanza, hasa wazee: "Mwangaluka." Hata kama Kisukuma chako kinaishia hapo, mlango umeshafunguka.

Uliza maswali matatu tu:

1. Dagaa hawa wamevuliwa wapi, na lini?
2. Sehemu ipi ya kazi hii ndiyo ngumu zaidi?
3. Hasara huwa inatokea wapi?

Swali la tatu ndilo ufunguo. Mtu akieleza kazi yake anaongea kwa kifupi, akieleza hasara yake anakaa chini.

Haya ndiyo niliyoyapata. Dagaa wa ziwani huvuliwa usiku wa giza. Mitumbwi hutoka jioni na taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, sasa nyingi ni za sola na betri. Mwanga huwavuta dagaa, kisha wavu unafanya kazi yake. Mwezi ukiwa mpevu taa inakosa nguvu, kwa hiyo kila mwezi kuna siku kadhaa ambazo mitumbwi mingi inalala. Nimekula dagaa tangu utoto, na sikuwahi kujua kwamba mboga yangu inafuata mwezi.

Asubuhi wanaanikwa. Jua likiwa zuri, siku moja inatosha. Wengine huanika kwenye mchanga au juu ya mawe, wengine kwenye nyavu zilizotandazwa, wengine kwenye chanja. Kazi kubwa hapa ni ya kina mama: kutandaza, kugeuza, kufukuza ndege, kuangalia mawingu. Mvua ikinyesha saa nane mchana wakiwa bado wabichi, wanaharibika, na mzigo uliokuwa uende kwa watu unakwenda kuwa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Mama mmoja aliniambia huwa haangalii saa akiwa kazini, anaangalia upande wa ziwa, rangi ya wingu.

Upepo nao unafanya kazi pale. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko ziwa, hewa yake hupanda, na hewa ya ziwani huja kuchukua nafasi. Ule upepo unaotufurahisha sisi tukiwa tumekaa ufukweni Kamanga jioni ndio uleule uliokausha mboga. Usiku hugeuka ukavuma kuelekea ziwani.

Maonyo. Usipige picha kabla ya kuomba. Usikanyage wala kuvuka juu ya dagaa walioanikwa. Kwako ni mchanga, kwa mwenzako ni ada ya shule. Usiwaulize faida yao, watadhani umetumwa na watu wa kodi. Na usiondoke mikono mitupu, nunua hata kisado kimoja. Umewachukulia muda.

Umefaulu kama umejaza angalau mikono mitano kwenye ukurasa wako, na mmoja wao umemsikia kwa masikio yako. Dalili nyingine: ukirudi nyumbani unataka kusimulia, na wenzako wanakuchoka.

## Hatua ya 4 (siku ya 7): Kaa siku moja bila hicho kitu

Kuanzia unapoamka hadi unapolala. Ni kukosa kwa makusudi, kwa hiari yako.

Sababu yake tumeiona kwa ile pua ya Mwaloni. Mwaka 2013 wanasaikolojia Jordi Quoidbach na Elizabeth Dunn walichapisha jaribio lao la chokoleti: watu wote walionja, kisha kundi moja likaambiwa likae wiki nzima bila kuigusa, jingine likapewa nyingi lile litakavyo, la tatu halikuambiwa lolote. Waliporudi kuonja tena, walioifurahia zaidi ni wale waliojinyima. Sisi hatuli chokoleti kila siku, lakini bomba tunalifungua.

Ukichagua maji, funga bomba na uchote kisimani, kwa jirani au kwenye kioski, ndoo kichwani, mlima uleule. Ukichagua dagaa ni rahisi, kula kitu kingine, ingawa nakuonya kwamba rahisi mno haifundishi. Mimi niliongeza wiki nzima. Ukichagua taa, zima taa zote uwashe mshumaa au koroboi, kisha ujaribu kutafuta sindano.

Siku yangu ya maji niliamka saa kumi na moja alfajiri. Ndoo ya kwanza niliibeba kwa majivuno. Ya pili nikapumzika mara mbili kwenye ngazi za mawe. Kwenye ya tatu nikakutana na msichana wa miaka kama kumi na mbili akishuka na ndoo yake tupu, akaniamkia, "Shikamoo," akapita. Baadaye akanipita tena akipanda, ndoo imejaa, hajaishika hata kwa mkono mmoja. Kwake haikuwa siku ya zoezi. Jioni hiyo niliandika mstari mmoja tu, na bado sijui niuite shukrani au aibu.

Maonyo, na haya usiyapuuze.

- Waambie wa nyumbani mapema, na usiwalazimishe. Anayejinyima ni wewe.
- Wagonjwa, wajawazito, wazee na watoto hawamo kabisa. Kama kuna dawa inayokaa kwenye friji, usiguse umeme wa nyumba.
- Koroboi na mshumaa visiachwe na mtoto wala karibu na pazia.
- Maji ya kisimani au ya ziwani yachemshe kabla ya kunywa. Usiingie ziwani kuoga au kuchota penye majani na maji yaliyosimama, maana kichocho kipo.

Na jambo moja linalochanganywa sana: kukosa kwa hiari ni zoezi, kukosa kwa sababu huduma imekatika ni kero. Maji yakikosekana wiki nzima mtaani kwako, usikae ngazini na daftari ukijifunza kushukuru. Piga simu, andika barua, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Nimesikia watu wakiambiwa "shukuruni hata hicho kidogo" na wale waliotakiwa kuwahudumia. Hapo neno shukrani linatumika kama kifuniko cha sufuria. Anayejua thamani ya ndoo moja ndiye anayepaswa kuidai kwa sauti kubwa.

Umefaulu kama kufika saa tisa mchana umekasirika kidogo.

## Hatua ya 5 (siku ya 8): Rudi taratibu

Hii ni fupi. Siku inayofuata kitumie tena, lakini mara ya kwanza usifanye kingine chochote. Redio izimwe, simu iwe chumbani. Fungua bomba, weka mikono, hesabu hadi ishirini. Au tafuna dagaa watatu wa kwanza bila kuongea.

Usitegemee machozi. Kuna atakayesikia ubaridi tu wa maji, na hiyo inatosha. Andika ulichosikia mwilini: baridi, chumvi, mwanga machoni. Ukijikuta unaandika "nimebarikiwa", futa, rudi kwenye baridi.

## Hatua ya 6 (siku ya 9 na ya 10): Mshukuru mtu, kwa jambo maalumu

Rudi kwenye ukurasa wa hatua ya 3. Chagua mkono mmoja unaoweza kuufikia: fundi bomba, konda, mama wa dagaa, kijana wa mkokoteni, mpika chai. Mwendee.

Mara yangu ya kwanza niliharibu. Nilimfuata mama ninayenunua kwake dagaa kwenye soko dogo la mtaani, nikasimama mbele ya meza yake na kusema, "Mama, nimekuja kukushukuru kwa kazi yako." Akanitazama kutoka juu hadi chini. "Unataka kukopa?"

Alikuwa na haki. Asante isiyo na kichwa wala miguu inatisha. Nilirudi kesho yake nikafuata mpangilio huu, na huu ndio ninaokupa:

1. Lipa kwanza. Kama una deni lake, lipa lote kabla hujasema neno. Kumsifia mtu unayemdhulumu ni ile shukrani ya punda.
2. Nunua kama kawaida. Usimfanye aache wateja.
3. Taja jambo moja ulilolipima au kuliona. "Mama, dagaa wako hawana mchanga. Miaka miwili nakula, sijawahi kuuma jiwe."
4. Sema asante, halafu nyamaza. Ukiweza kwa lugha yake, bora zaidi. Mimi nilisema "Wabeja", akacheka matamshi yangu.
5. Ondoka. Usisubiri kusifiwa kwa kushukuru.

Namba 5 ya mpangilio huu sikuweza kuitimiza, kwa sababu aliniita nirudi. Alitaka nijue kwa nini hawana mchanga. Kumbe anachagua: hanunui walioanikwa chini, anamfuata mtu mmoja anayeanika kwenye chanja, analipa zaidi kidogo, kisha akifika nyumbani anachekecha tena usiku. Wateja, alisema, hawajui. Wanadhani dagaa wote ni sawa, na wakibanwa bei wanamtajia yule wa jirani. Aliongea kama dakika kumi. Miaka miwili nilikuwa nasimama pale kila wiki nikibishana naye juu ya mia mbili.

Kwa konda usimwambie yote haya, gari linaondoka. Mpe nauli kamili bila kumtafutisha chenji, na useme, "Asante kwa kumngoja yule bibi." Inatosha.

Onyo. Usimpe pesa ya ziada kwa kujionyesha, na usirekodi.

Umefaulu kama mtu huyo amekuambia jambo ambalo hukulijua. Asiposema kitu, si kosa lako wala lake. Siku nyingine.

## Hatua ya 7 (siku ya 11 hadi ya 13): Sasa andika

Umefika kwenye lile daftari ambalo wengine huanza nalo. Kila jioni andika mistari mitatu:

- Kitu, kwa jina lake la kawaida.
- Mkono uliokileta, hata kama hujui jina la mwenyewe.
- Jambo moja jipya ambalo jana hukuliandika.

Mstari wa tatu ndio unaoua "kama jana". Ukikosa jambo jipya, usitunge. Inuka ukaangalie tena kitu chenyewe.

Mfano kutoka kwangu, siku ya 12: "Maji. Fundi aliyekaza koki mwaka jana. Bomba linapiga kelele kama kikohozi kabla maji hayajaja, kwa hiyo hewa hutangulia."

Baada ya siku hizi tatu, punguza hadi mara moja kwa wiki. Robert Emmons na Michael McCullough, wanasaikolojia wa Marekani, walichapisha mwaka 2003 utafiti ambamo kundi moja liliandika mambo ya kushukuru mara moja tu kwa wiki, kwa wiki 10, na likayaona maisha yake kuwa mazuri kuliko kundi lililoandika kero zake. Mimi huandika Jumapili jioni. Nikiandika kila siku kwa mwezi mzima, daftari nalo linageuka bomba: lipo, silioni.

Onyo. Kama umefiwa au uko katika shida nzito, acha daftari. Kaa na watu. Zoezi hili litakusubiri.

## Hatua ya 8 (siku ya 14): Jaribio la mwisho

Jiulize: ni kitu gani kilibadilika hapa kwetu juzijuzi tu, nami nimeshakizoea?

Nitakupa kimoja. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025. Kabla ya hapo ukitaka kwenda Sengerema au Geita kwa njia ile ulikuwa unashuka kwenye gari, unapanga foleni, unangoja kivuko, unavuka, unapanda gari tena. Kama una mgonjwa, unangoja naye. Mwezi wa kwanza watu walikuwa wanapiga picha kila nguzo. Nilipopita mara ya mwisho, abiria wa jirani yangu alikuwa amelala tangu Kigongo, na dereva aliyepunguza mwendo kidogo akapigiwa honi kwamba anachelewesha watu.

Andika cha kwako. Kisha kipitishe haraka kwenye hatua ya 2 na ya 3 peke yake: pima, fuata. Ukiweza kufanya hivyo ndani ya saa moja bila kufungua mwongozo huu, umeshaiva, na mzunguko unaofuata utakuchukua wiki moja badala ya mbili.

## Mahali watu wanapokwama

"Nimechagua chai, lakini siwezi kukaa bila chai." Basi umechagua vizuri. Kama kichwa kinauma sana, kunywa nusu kikombe saa nne.

"Wa nyumbani wananicheka." Wape kazi ya kupiga mistari ya ndoo. Anayehesabu haachi kuuliza.

"Nimefuata nyuma nikakuta dhuluma." Inatokea. Utagundua mtu analipwa kidogo mno ili wewe upate kwa bei rahisi. Liandike vilevile. Mimi tangu hapo sibishani na yule mama kwa mia mbili, ila bado nabishana kwa mia tano.

"Kitu changu hakina mtu nyuma yake." Hili lilinikamata mwenyewe juzi, nilipoanza mzunguko wa tatu. Nilichagua kivuli. Nyuma ya nyumba kuna jiwe kubwa, refu kuliko paa, na mchana tunakaa chini yake tukichambua mchicha. Nilifika hatua ya 3 nikakwama: nani kaleta kivuli? Jua? Jiwe limekuwepo kabla ya babu wa babu.

Halafu nikasikia nyundo. Upande wa pili wa bonde watu wanaponda kokoto, kama wanavyofanya sehemu nyingi za mji huu. Jiwe kama letu linageuka tripu kadhaa za lori kwa ajili ya nyumba za wengine. Jiwe letu liko ndani ya mpaka wa jirani, mzee mmoja mwenye fimbo, ambaye huwa tunasalimiana tu na kupita. Nilimuuliza kama amewahi kufuatwa na wapondaji. Akasema mara tatu. Akawakatalia mara tatu. Sikumuuliza sababu, hiyo ni ya siku ya 9.

Kwa sasa niko siku ya 5. Nimeweka kokoto moja pale kivuli kinapoishia saa tano asubuhi na nyingine pale kinapoishia saa tisa alasiri.